Ngisi wa Nazi: Hesabu ya Mgahawa Segerea

Mteja wa Segerea anayetaka ngisi asiyekaangwa hana budi kuagiza mapema, kwani kikaango ndicho kinachompa mwenye mgahawa fedha ya haraka. Ngisi huiva kwa dakika mbili hivi katika mafuta au juu ya mkaa uliokolea. Akizidishiwa moto huwa mgumu kama mpira, na hulainika tena baada ya kuchemka taratibu kwa karibu saa moja. Ndiyo maana ngisi wa nazi hudai mkaa mwingi na subira. Isitoshe, ngisi aliyenunuliwa mbichi kwa kilo soko la Feri, Kivukoni, hunywea jikoni. Mwenye mtaji mdogo apange bei kwa uzito wa sahani, si wa mnadani. La sivyo, faida itaishia chunguni.