Mtandao wa Serengeti hauishii kwenye bikoni

Sehemu ya pili

Wafugaji wa Mara walioswaga ng'ombe wao kwenda kuchanjwa sotoka katika miaka ya 1950 walikuwa wanaokoa maziwa ya watoto, maksai wa kulimia na mahari ya vijana wao. Hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa pia wanaongeza twiga. Wataalamu wenyewe hawakulijua hilo, na iliwachukua miaka mingi kulifahamu.

Katika sehemu ya kwanza nilieleza mnyororo wa chakula kama unavyofundishwa shuleni: nyasi, swala, simba. Mnyororo huo ni wa kweli, lakini hauwezi kumweleza mtu wa kijijini Nyansurura, mkoani Mara, namna sindano iliyochomwa kwenye paja la ndama inavyofika kwenye majani ya mgunga anayoyala twiga. Ili kuiona safari hiyo inabidi tuchore mtandao. Kila kiumbe kinawekewa nukta, kila ulaji unawekewa mstari, na kila mstari unapewa uzito wake. Ukimaliza kuchora, huulizi tena wanyama wako wangapi peke yake. Unauliza nani amefungamana na nani, na uzi upi ukikatika utaangusha wangapi.

Tuanze na sotoka. Ugonjwa huo uliingia pembe ya Afrika mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioshushwa Massawa, Eritrea, na ndani ya miaka michache ulikuwa umefika kwetu. Ng'ombe walikufa kwa wingi usiosimulika, nyati na nyumbu nao wakafa. Hapo mtandao ulianza kufumuka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Penye mifugo michache na watu waliotawanywa na njaa, vichaka viliota bila wa kuvikata wala wa kuvila. Vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakaleta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Nchi iliyokuwa malisho na mashamba ikawa pori, na wageni waliokuja baadaye wakadhani ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya kwa miaka mingi simulizi za wazee wa magharibi mwa Serengeti, ameonyesha vizuri kwamba wenyeji hawaikumbuki nchi hiyo kama nyika tupu. Wanakumbuka mahame, njia na mahali pa matambiko ya mababu zao.

Chanjo ya ng'ombe ilipoenea kuzunguka hifadhi, virusi vilikosa pa kukaa, na nyumbu wakapona bila hata mmoja wao kuchomwa sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikadiriwa kuwa robo milioni. Kufikia mwaka 1977 walikuwa takribani milioni 1.3. Nyumbu wengi kiasi hicho wanakula nyasi ambazo zamani zilibaki zikakauka na kuungua kila kiangazi. Moto ukapungua, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua, na twiga wakapata malisho. Mwaka 2009 Ricardo Holdo, Anthony Sinclair na wenzao walionyesha kwamba kwa sababu hiyo Serengeti iliacha kupoteza kaboni kwenda angani, ikaanza kuihifadhi katika miti yake. Hesabu zote hizo zinaanzia kwenye zizi la mfugaji.

Miaka miwili baadaye, Edward Baskerville na wenzake walichapisha mchoro wa mtandao wa chakula wa Serengeti: mimea 129, wala majani 23 na wala nyama 9, jumla aina 161 zilizounganishwa na mistari 592 ya ulaji. Kompyuta iliachwa ipange yenyewe makundi ya viumbe kwa kuangalia nani anakula nini na nani analiwa na nani. Ikatoa makundi 14, na jambo la kupendeza ni kwamba mimea ilijipanga kwa makazi yake: ya mbugani upande wake, ya misituni upande wake, ya kwenye vilima vya mawe wanakoishi pimbi upande wake. Wala majani ndio wanaoyaunganisha makazi hayo, na wala nyama wanaunganisha kwa upana zaidi. Kwa hiyo simba ni zaidi ya muuaji aliye juu ya ngazi. Ni fundo linaloshikanisha mbuga na msitu.

Naiheshimu sana kazi hiyo. Lakini katika nukta zake 161 hakuna ng'ombe, hakuna mbwa, hakuna mtu. Anayeisoma akiwa Nyansurura ana haki ya kuuliza yeye yuko wapi.

Kabla ya kumjibu, kuna fumbo moja la kinadharia la kulipitia. Mwaka 1972 Robert May alionyesha kwa hesabu kwamba mtandao uliounganishwa ovyo, kadiri unavyoongezewa aina na mistari, ndivyo unavyozidi kuyumba. Matokeo hayo yaliwashtua waliozoea kuamini kwamba wingi wa viumbe peke yake ni kinga. Jibu ni kwamba asili haiunganishi ovyo. Mpangilio ndio unaobeba uzito wote.

Mtu aliyelifafanua hili vizuri kwa upande wa uendelevu ni Robert Ulanowicz wa Chuo Kikuu cha Maryland. Yeye alipima pia kiasi cha kaboni kinachopita katika kila mstari. Katika vinamasi vya Florida, chakula kinatoka kwa kamba wadogo hadi kwa mamba kwa njia tatu: kupitia samaki wakubwa, kupitia kobe na kupitia nyoka. Njia ya samaki ndiyo inayopitisha kwa ufanisi zaidi. Mtu wa haraka angesema tubaki na hiyo, mbili nyingine ni hasara. Lakini ugonjwa ukiwaua samaki, mamba anaokolewa na zile zilizoitwa hasara. Ulanowicz na wenzake wakahitimisha kwamba mfumo unaodumu una sifa mbili zinazovutana, yaani ufanisi wa kutosha wa kupitisha chakula, na njia za akiba za kutosha za kugeukia mambo yanapoharibika. Ukizidisha ya kwanza unapata mfumo unaong'aa lakini dhaifu. Ukizidisha ya pili unapata mfumo uliodumaa.

Hili halihitaji Florida. Viwavijeshi vamizi walipoingia Tanzania mwaka 2017, walipenda mahindi kuliko zao lolote. Kaya yenye mahindi matupu ilikuwa na njia moja tu ya chakula. Kaya yenye ulezi, mihogo na mbuzi pembeni ilikuwa na pa kugeukia. Nasikitika ninapoona ulezi na mtama vikiitwa kilimo cha wazee, kwa sababu ndani ya mtandao wa kaya mazao hayo ndiyo kobe na nyoka wa Ulanowicz.

Sasa tumrudishe mtu wa Nyansurura kwenye mchoro, na tumwingize kwa mlango wa mbwa wake. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka kwa degedege. Takribani elfu moja walikufa, theluthi moja ya simba wote. Kirusi kilikuwa cha homa ya mbwa, ugonjwa uliokuwa ukizunguka miongoni mwa mbwa wa vijijini. Mbona basi kirusi hichohicho kilikuwa kimewahi kupita kati ya simba bila kuua? Linda Munson, Craig Packer na wenzao walitoa jibu mwaka 2008. Ukame ulikuwa umewadhoofisha nyati, nao wakajaa kupe. Simba waliwala nyati hao kwa urahisi na kwa wingi, wakapata vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe. Kirusi kikashusha kinga ya miili yao, vimelea vikapata uwanja. Kila uzi peke yake ulivumilika, lakini vilipokutana mwilini mwa mnyama mmoja, mvua iliyokosekana, kupe na mbwa wa kijijini viliangusha theluthi ya simba wote. Anayechunguza simba peke yake asingeweza kuliona hilo hata angekaa porini maisha yake yote.

Upande wa kichaa cha mbwa habari ni njema zaidi. Katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, Katie Hampson, Sarah Cleaveland na wenzao walifuatilia nani aling'atwa na mbwa yupi, na wakakuta kwamba kila mbwa mgonjwa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kidogo tu. Uzi huo ni mwembamba, unakatika. Kuchanja asilimia 70 ya mbwa kunatosha kuuzima ugonjwa. Siku ya chanjo ya mbwa kijijini ni siku ya kulinda watoto na ni siku ya uhifadhi pia, na ingestahili bajeti ya pande zote mbili.

Mto Mara nao ni uzi mnene. Kati ya 2001 na 2015, nyumbu walizama karibu kila mwaka wakivuka upande wa Kenya, kwa wastani wa 6,250 kwa mwaka, sawa na tani 1,100 za nyama na mifupa. Amanda Subalusky na wenzake walifuatilia mizoga hiyo: nyama inawalisha samaki na tumbusi, na mifupa inaendelea kuachilia virutubisho kwa takribani miaka saba. Viboko wa sehemu hiyo, zaidi ya 4,000, humwaga mtoni tani 36 hivi za kinyesi kila siku. Kinyesi hicho ni chakula cha mto, lakini mabwawa ya viboko yakisukumwa ghafla na mafuriko, maji hukosa oksijeni na samaki hufa chini ya mkondo.

Tulikumbuka jambo hilo Machi 2022, maji ya Mara yalipogeuka meusi jirani na daraja la Kirumi na samaki wakaelea. Kamati ya Serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ilitaja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na uozo wa mimea, na wananchi wengi hawakuridhika, wengine wakiinyooshea kidole migodi. Maoni yangu ni kwamba ugomvi wa aina hiyo hauishi kwa kumsaka mtuhumiwa mmoja baada ya samaki kufa. Unahitaji vipimo vya mwaka mzima, kijito kwa kijito, vya kila kinachoingia mtoni: samadi, mbolea, udongo, zebaki na sianidi. Bila uzito wa mistari, mchoro ni picha tu.

Uzi wa mwisho kwa leo unapita sokoni. Dennis Rentsch na Amy Damon walichunguza kaya zinazozunguka hifadhi na mwaka 2013 wakaonyesha kwamba ulaji wa nyama ya porini unafuata bei za vitoweo vingine. Dagaa wa Ziwa Victoria wakiwa nafuu, mtego unapungua. Askari wa wanyamapori anayelala porini na mvuvi anayewasha taa ziwani usiku wanamlinda nyumbu yuleyule, na halmashauri inayopanga bajeti ya doria bila kutazama bei ya dagaa mnadani inapanga kwa nusu ya mchoro.

Wiki ijayo nitapanda mto hadi msitu wa Mau, inakotoka mito ya Nyangores na Amala inayoungana kuwa Mara, tuone maji yanayofika wilaya za Tarime na Serengeti wakati wa kiangazi yanaamuliwa na nani.