Mtazame nyanya anapoinuka kitini

Mzee akianguka nyumbani, wengi wetu husema ni uzee tu. Tunamwinua, tunampangusa vumbi, tunampa chai, yakaisha. Kumbe aliyeanguka mara moja ana uwezekano mkubwa wa kuanguka tena, na safari hiyo huenda akavunjika nyonga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na wenye zaidi ya miaka 60 ndio wengi kuliko rika lolote.

Je, utajuaje kwamba nyanya au babu yako yuko hatarini? Jaribio moja lililoelezwa mwaka 1991 na Diane Podsiadlo na Sandra Richardson wa Montreal, Kanada, halihitaji ila kiti chenye mikono na saa. Pima mita 3 kutoka kitini, uweke alama sakafuni. Mzee avae viatu vyake vya kila siku, na kama hutumia bakora, aishike. Ukisema "haya", ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, ageuke, arudi na kuketi. Akichukua sekunde 12 au zaidi, kulingana na kipimo cha kituo cha kuzuia magonjwa cha Marekani (CDC), ni vyema aonwe na daktari.

Mwombe kwa heshima, usimwamrishe kama kuruta! Tena simama karibu naye, isije ikawa jaribio lenyewe ndilo linalomwangusha.

Usitazame saa peke yake. Je, anajisukuma kwa mikono ndipo ainuke? Anayumba akigeuka? Anaburuta nyayo au kushikilia ukuta? Nchini Uswidi, watafiti waliwachunguza wazee 58 waliokuwa wakitunzwa katika makao. Walipokuwa wakitembea, walianzishiwa mazungumzo. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao walianguka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997. Kwa hivyo mzee asiyeweza kutembea huku akizungumza huenda anatumia akili yake yote kujizuia asianguke.

Watoto wa mjini hukimbilia kununua bakora, mara nyingi ndefu mno. Mpini wake wafaa ufike kwenye kifundo cha mkono mzee akisimama wima na mikono ikining'inia.

Mkienda hospitali, bebeni dawa zake zote katika mfuko mmoja, hata zile alizopewa na jirani, kwa sababu dawa za usingizi na za presha zinaweza kumtia kizunguzungu. Ombeni pia apimwe presha akiwa amelala, kisha apimwe tena akiwa amesimama, baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwelezeni daktari kama yeye huamka usiku kwenda msalani gizani.