Kamera za kampuni tofauti: kuonekana siyo kurekodi!

Wadau, swali ninaloulizwa sana ni hili: mtu ana rekoda ya Hikvision nyumbani, kapata kamera ya Dahua kwa bei poa, je, zitaelewana? Mara nyingi ndiyo, ila kuna mtego. Hapa naongelea kamera za IP tu.

Kinachoziunganisha ni ONVIF, utaratibu ulioanzishwa 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane. Kabla hujatoa hela, hakikisha kamera na rekoda vyote vinayo. Kamera nyingi za Hikvision zinatoka kiwandani ikiwa imezimwa, inabidi uiwashe mwenyewe na kuiwekea jina na neno la siri.

Sasa mtego wenyewe. Picha ikitokea kwenye skrini watu wanashangilia, fundi analipwa, anasepa. Kumbe picha inaweza kupita vizuri tu, lakini taarifa kwamba kuna kitu kimesogea isifike kwenye rekoda. Kama umeiweka irekodi pale tu kitu kinaposogea, mwizi atapita na asubuhi hukuti kitu. Mimi nashauri kamera ya kampuni nyingine irekodi masaa 24, na diski ikijaa ifute za zamani yenyewe.

Halafu linganisha saa za kamera zote. Mwisho, pita mbele ya kila kamera, rudi kwenye rekoda, jitafute. Usipojiona, fundi asiondoke!

Nyie mmechanganya zipi? Mwageni uzoefu.