Ziwa Lipo Njiani: Jamaa Ipumzike Ufukweni

Kazi ni uhai, wala hakuna ubishi juu ya hilo. Lakini hata ng'ombe wa plau hufunguliwa nira jua lipandapo. Je, ndugu msomaji, jamaa yako ilifunguliwa nira lini?

Jamaa nyingi zenye asili ya Binza, Bariadi na sehemu nyingine za mkoa wa Simiyu huishi katika jiji la Mwanza. Huko baba hutoka alfajiri. Mama hugawanyika baina ya kazi na jiko. Na watoto huwaona wazazi wao usiku, wote wakiwa wamechoka. Ifikapo likizo, basi huwachukua kwenda kuwasalimu wazee, likapita Magu, Nyashimo na Lamadi. Ziwa Victoria lipo karibu, upande wa kushoto, nasi hulitupia jicho dirishani na kulipita.

Safari ijayo, shukeni Lamadi. Mji huo umo wilayani Busega, kwenye Ghuba ya Speke, sehemu ambayo mkoa wa Simiyu unagusa ziwa. Barabara ya Bariadi huchepuka hapo hapo. Hivyo hamtapotea njia, na nyumba za wageni zipo. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, nayo hewa ya baridi kutoka ziwani huja kushika nafasi yake. Ndio upepo ule unaomliwaza mgeni alasiri. Usiku usio na mbalamwezi mtaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini, kana kwamba mji mwingine umezaliwa huko.

Hata hivyo, yafaa kutahadhari. Ziwa si bwawa la kuogelea. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache, hasa jua likiwa kali. Baadaye huleta maumivu ya tumbo na kuhara damu, na miaka ikipita huharibu ini. Kwa hiyo watoto wacheze mchangani, waogeshwe kwa maji ya bomba, au yaliyochemshwa yakapoa. Aliyekwisha kuingia ziwani asione haya kwenda zahanati kueleza. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Waulizeni pia wenyeji kuhusu mamba na viboko kabla ya kusogelea matete. Na mkialikwa kupanda mtumbwi, kila mmoja avae jaketi la kuokolea; uliojaa kupita kiasi uacheni uende. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba, 2018, kikiwa kimejaza abiria kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha.

Jambo la mwisho lawahusu akina baba. Mapumziko ambayo mama huyamaliza akipara samaki, akiosha vyungu na kufukuzana na watoto si mapumziko. Ni jiko lililohamishwa. Siku hiyo baba na ashike kisu ampare sato, vijana wachote maji, na mama akae kivulini, atazame ziwa hata atosheke.

Kesho yake pandeni basi la Bariadi. Wazee wamewangoja mwaka mzima. Siku moja zaidi wataivumilia, iwapo mtafika mkiwa na nguvu za kukaa nao na kuzungumza.