Mtwara hadi Newala: pesa ya msafiri huishia wapi?

Anayetua uwanja wa ndege wa Mtwara akielekea Masasi au Newala huwa na hofu moja kubwa: kupigwa bei ya mgeni. Hofu hiyo humfanya avutane na mama wa ming'oko (mizizi ya kuchemsha) njiani pale Mnazi Mmoja kwa ajili ya shilingi 200, ilhali saa moja kabla ameacha 40,000 kwenye dola zake na hata hakushtuka. Ukikaa na kalamu utaona kwamba barabara hii haimli msafiri pale anapodhani. Pesa huondoka kwenye bei ya gari, kwenye kubadili fedha na kwenye ukubwa wa noti aliyonayo mfukoni. Vya barabarani ni senti.

Tuanze na kipimo ambacho hakuna dereva atakayekipinga, yaani nauli ya basi. Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza kutumika Desemba 2023, abiria wa daraja la kawaida kwenye lami hulipa shilingi 48.47 kwa kilomita, na wa daraja la kati 67.84. Mtwara hadi Masasi kwa njia ya Mnazi Mmoja, Mtama na Ndanda ni kilomita zipatazo 200. Zidisha: 9,694 kwa kawaida, 13,568 kwa daraja la kati. Familia ya watu wanne itafika Masasi kwa 54,272 ikipanda basi zuri. Iweke namba hiyo kichwani kabla hujamsikiliza mtu yeyote pale nje ya mlango wa kutokea abiria.

Sasa gari la kukodi. Tuchukue Noah inayokwenda kilomita 10 kwa lita, na petroli tuiweke 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi (bei kikomo ya EWURA hubadilika kila mwezi, hivyo weka ya mwezi wako). Kilomita 200 ni lita 20, sawa na 60,000. Lakini dereva hakai Masasi. Anarudi, na mara nyingi anarudi mtupu. Mafuta peke yake yameshafika 120,000 kabla hajala, kabla tairi halijahesabiwa, kabla mwenye gari hajadai hesabu yake ya siku. Akikuambia 150,000, ujue amebakiwa na 30,000 za kugawana yeye, gari na tajiri. Hapo hakuna cha kupunguza, na anayekubali kushuka hadi 110,000 ama atapakia abiria wengine njiani ama atakuomba "ya mafuta" mkifika Mtama. Akikuambia 350,000, hapo ndipo pa kukaa kitako na kuzungumza, kwa sababu kila dakika ya mapatano ina thamani ya maelfu.

Kosa kubwa hufanyika kwenye lugha ya bei. Wageni, na Watanzania wenzetu wanaorudi likizo kutoka ng'ambo, hutajiwa dola. Dola mia ni neno jepesi mdomoni. Tuseme benki inanunua dola kwa 2,500, na mtu wa barabarani anaihesabu kwa 2,300 kwa sababu "noti hizi ndogondogo hazitakiwi" au kwa sababu noti ni ya kabla ya 2006, ambayo wabadilishaji wengi huikataa au huipunja. Kwenye dola 200 tofauti ni 40,000. Ndiyo ile niliyoitaja mwanzo. Kwa mafungu ya ming'oko ya 500, hayo ni mafungu 80, yanayotosha kulisha harusi.

Na sheria iko upande wa msafiri. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 28, 2025 zinakataza kutaja bei au kulipia bidhaa na huduma ndani ya nchi kwa fedha ya nje, ukiacha misamaha michache kama maduka yasiyotozwa ushuru. Kwa hiyo kumwambia dereva "nitajie kwa shilingi" si ukorofi. Ndivyo inavyotakiwa. Kinachosumbua ni kwamba tangu ukaguzi wa 2018 na 2019 maduka mengi ya kubadilisha fedha nchini yalifungwa, na huku kusini biashara hiyo imebaki zaidi kwenye kaunta za benki, zenye saa zake za kufungua na kufunga. Ukitua Jumamosi jioni na dola tupu, umeshajiweka mikononi mwa mtu.

Visiwa vya Karibea, ambako utalii ndio riziki, vina nafuu moja ambayo sisi hatuna. Dola ya Barbados imefungwa kwa dola ya Marekani kwa 2 kwa 1 tangu 1975, na ile ya Karibea Mashariki kwa 2.70 tangu 1976. Dereva wa teksi wa Barbados akichanganya fedha mbili, mgeni anagawa kwa mbili akajua kama amepunjwa. Shilingi yetu inaelea. Kiwango cha jana si cha leo, na anayekijua kwenye mazungumzo hayo ni mmoja tu. Dawa ni kuja na shilingi, basi.

Shilingi zenyewe zina hesabu yake. Noti yetu kubwa ni 10,000, msimbazi, na mashine nyingi za kutolea fedha humwaga noti 40 kwa mkupuo, yaani 400,000, zote nyekundu. Ukitoka nazo hivyo hivyo umetoka na tatizo. Mfikirie mama aliyepanga ming'oko iliyochemshwa kwenye ungo, fungu 500, saa mbili asubuhi. Unampa msimbazi. Ili akurudishie 9,500 lazima awe ameshauza mafungu 19 na hajatumia hata mia. Hana. Atakimbia kwa jirani, jirani atamtuma mtoto kwa muuza vocha, dereva wako atapiga honi, na mwisho utasema "basi, nipe ya elfu mbili" ingawa ulitaka fungu moja. Hakuna aliyekuibia. Umelipa mara nne kwa sababu ya noti.

Vituo vitano vya namna hiyo, kila kimoja kikikugharimu 1,500 zaidi ya ulichokusudia na dakika 20 za kusaka chenji, ni 7,500 na saa moja na dakika 40. Fedha ni kidogo. Muda sio mdogo: kilomita 200 kwa mwendo wa wastani wa 60 kwa saa ni saa tatu na dakika 20, na vibao vya 50 viko kila penye kijiji. Ongeza ile saa na ushee, na aliyeondoka Mtwara saa tisa alasiri anaingia Masasi saa mbili usiku, giza limeshatanda saa nzima kabla.

Vunja noti kwenye kituo cha mafuta mjini Mtwara. Pale ndipo chenji ilipo, kwa kuwa bodaboda hununua mafuta ya elfu mbili na elfu tatu siku nzima. Kwa gari la watu wanne, 60,000 inatosha barabara yote: noti 20 za elfu moja, 10 za elfu mbili, 4 za elfu tano. Sarafu za 500 zitakuja zenyewe. Simu nayo inasaidia, na wauzaji wengine wana Lipa Namba, lakini kwa kitu cha 500 wengi bado wanataka mkononi. Kumbukumbu ya tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021, hata baada ya kupunguzwa kwa awamu, haijafutika vichwani.

Tatizo la fedha ndogo huku si la leo. Wajerumani walipoacha pesa 64 kwa rupia na kuingia heller 100 mwaka 1904, walilazimika kutoa hadi sarafu ya nusu heller, kwa sababu bidhaa za sokoni zilikuwa ndogo kuliko fedha yao. Karl Weule, mtafiti aliyekaa Newala mwaka 1906, alipita nyanda hizi na fedha za namna hiyo.

Bidhaa inayostahili umakini barabarani ni korosho, na hapa napenda kukaa kidogo kwa sababu watu hukosea pande zote mbili. Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa hutokana na kilo nne hadi tano za korosho ghafi. Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua zao lote na jeshi likapeleka malori, bei ilikuwa 3,300 kwa kilo. Minada ya msimu wa 2024/25 ilivuka 4,000. Kwa 4,000, malighafi ndani ya kilo moja iliyobanguliwa ni kati ya 16,000 na 20,000. Hapo hujahesabu kuni, kazi ya kupasua ganda moja moja lenye mafuta yanayounguza vidole, kumenya ngozi ya ndani na kuchambua nzima na vipande. Kifuko cha robo kilo kina malighafi ya 4,000 hadi 5,000 kabla mtu hajalipwa kwa jasho lake.

Kwa hiyo ukiuziwa robo kwa 3,000, usijisifu kwamba umepatana. Ama umeuziwa vipande, ama ya msimu uliopita, ama robo si robo, ama ni korosho ya kangomba, aliyoitoa mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa kabla mnada haujafunguliwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, ambamo mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi (AMCOS) kisha chama kikuu, MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba, ulikusudiwa kuua biashara hiyo. Haijafa. Lakini pia akikutajia robo kwa 15,000 kwa kuwa umeshuka kwenye gari la kioo cheusi, cheka, umwambie hesabu ya malighafi. Ataelewa, anaijua kukushinda. Na korosho ghafi usipakie kabisa, hata debe moja la zawadi: ni mali ya mnada, na maelezo yake kwenye kizuizi ni marefu.

Kituo kingine ambacho hukuchagua ni cha askari wa usalama barabarani. Kosa la kawaida la gari ni faini ya 30,000, nayo hulipwa kwa kontroo namba, kwa simu au benki. Ni ya dereva, si ya abiria. Mkipatana bei uwanjani, liseme hilo mapema, maana wapo wanaoigeuzia nyuma.

Ndanda, kilomita kama 40 kabla ya Masasi, ni mahali pa kusimama hata kama huna shida. Wabenediktini walifika hapo 1906, hospitali ipo, na chini ya ukingo wa uwanda kuna chemchemi. Kama unaendelea Newala, jaza madumu. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaomeza mvua, na maji yake hutoka chini kwenye mabonde. Newala ya juu imeishi na bei ya dumu la maji kwa vizazi, mradi au bila mradi. Mwenyeji atakushukuru kwa madumu mawili kuliko kwa keki ya uwanja wa ndege.

Kwenda Newala kuna njia mbili, na bei zake zisichanganywe. Kupitia Masasi ni 200 jumlisha kama 70: kilomita 270, lita 27, shilingi 81,000 za mafuta kwenda tu. Kupitia Nanyamba na Tandahimba ni kama 140. Lami ya kwanza, kilomita 50 hadi Mnivata, imekwisha. Zile 160 za Mnivata, Newala hadi Masasi zinajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ukikadiria kilomita 8 kwa lita kwa sababu ya vumbi na michepuko, ni lita 17.5, shilingi 52,500. Unaokoa 28,500 kila upande. Masika ikikolea, mwulize dereva aliyepita wiki hiyo, si mpwa wako aliyepita mwaka jana. Na ukikubali bei ya kilomita 270, usikae kimya gari likikata kuelekea Nanyamba.

Mwisho ni tarehe. Msimu wa minada huanza Oktoba, na malipo ya wakulima hupitia benki. Siku fedha za mnada zinapoingia, foleni za benki Masasi na Newala si za kusimama na mizigo na watoto, na wakala naye huishiwa noti. Ukisafiri kati ya Oktoba na Desemba, toa fedha yako yote Mtwara kabla hujapanda gari.