Kujitegemea si Kujitenga
Filamu ya Captain Fantastic, iliyoongozwa na Matt Ross mwaka 2016, inataka tumstaajabie baba anayelea watoto sita msituni Marekani, mbali na shule na majirani. Hainishawishi. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, Tanzania, familia nyingi hula ndizi na maharage ya shambani mwao, lakini hazijajitenga: kahawa huuzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika, na msiba ukitokea majirani huja na kuni, ndizi na maji. Baba yule, pamoja na majivuno yake yote ya kujitegemea, huwaongoza watoto kuiba chakula dukani.

Watetezi watasema filamu yenyewe inamkosoa: binti yake mmoja anaanguka kutoka juu ya paa, na mwishoni watoto wanasubiri basi la shule. Ni kweli, lakini lawama hiyo inakuja baada ya muda mrefu wa kumtukuza, na aliyeumia ni mtoto. Kwangu, filamu hii haistahili sifa ilizomwagiwa.