Mwalimu tarajali, stima ikipotea utafunza aje?

Kama unasomea ualimu mwaka huu, najua TikTok unaielewa kuliko mhadhiri wako. Poa. Lakini kuwa mjanja wa simu ni kitu kimoja, na kufunza watoto kwa simu ni kitu kingine.

Unakumbuka laptopu walizoahidiwa watoto 2013? Serikali ilianza kusambaza vifaa 2016, na shule za msingi za umma zikapokea zaidi ya milioni moja, vingi vikiwa vishikwambi. Kuna shule zilivifungia kabatini: wezi, stima hakuna, ama mwalimu hajui aanzie wapi. Kisha Machi 2020 korona ikafunga shule, pengo likaonwa na kila mzazi.

Sasa mtaala wa CBC unataka kila mtoto awe na umilisi wa kidijitali. Mzigo huo unakungoja wewe.

Mwaka 2006, watafiti Mishra na Koehler wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walieleza kuwa mwalimu anahitaji maarifa matatu yanayoshikana: somo lenyewe, mbinu za kufunza, na teknolojia. Kila moja likikaa kivyake, darasa halisongi.

Chukua mfano. Uko Gredi ya 5, wanafunzi 60, simu moja, bando zii. Somo ni kusoma kwa sauti. Rekodi mtoto mmoja akisoma aya, kisha darasa lisikilize. Alipumua kwenye koma? Sauti ilipanda kwenye kiulizi? Asome tena, mrekodi, mlinganishe. Hapo simu imefanya kazi ambayo chaki haiwezi, maana sauti ikishatoka huwezi kuirudisha. Baada ya kipindi, futa rekodi. Sauti ya mtoto si ya kupost.

Lakini ukinakili kitabu kwenye slaidi na kuwasomea, umebadilisha ubao tu.

Kwa hivyo usingoje TP ndiyo ujaribu. Kusanya wenzako watano chuoni, wafunze dakika kumi, na umwambie mmoja azime projekta ghafla katikati ya somo. Ukikwama, rudi uandae upya somo hilo likiwa na njia mbili, ya stima na ya chaki. Heri ukwame mbele ya marafiki watano kuliko mbele ya watoto 60 ambao kipindi hicho hawatakipata tena.